Nani Alipe Unga, Nani Anunue Kiwanja?

Mtu akisimama Maili Moja, Kibaha, kabla jua halijachomoza, ataona mabasi yakijaa watu waendao kazini Dar es Salaam. Ni mwendo wa kilometa 40 hivi. Jioni hurudi wale wale, wamechoka, mikononi wamechukua mfuko wa nyanya au samaki wa kukaanga. Wengi wao si wenyeji wa Kibaha. Wamekuja kwa sababu chumba cha kupanga hapa ni nafuu kuliko mjini, na mwenye subira anaweza hata kupata kiwanja. Upande wa Kisarawe, huko juu kwenye vilima, mambo ni hayo hayo: penye minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, siku hizi twaona vigingi vya mipaka na marundo ya matofali. Na tangu treni ya umeme ianze kuchukua abiria mwezi Juni 2024, ikiwa na stesheni za Pugu, Soga na Ruvu, watu wanazidi kuzitazama wilaya hizi mbili.

Katika vyumba hivyo vya kupanga wanaishi vijana wengi, mume na mke kwa macho ya jirani, lakini si kwa daftari la parokia wala la serikali. Walianza kwa kutembeleana. Kisha mmoja akaleta begi. Kisha likaja godoro kubwa, na mwenye chumba cha pili akairudisha funguo kwa mwenye nyumba wake. Watu wamekwisha kuipa hali hiyo jina la mzaha: "sogea tukae". Ndugu zetu wa Kenya nao wana jina lao la namna hiyo hiyo, na maana ni ile ile.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili yajulikana, nasi hatuyapunguzi hata kidogo: mahali pa mume na mke ni ndani ya ndoa. Lakini leo hatukukusudia kurudia hotuba ambayo msomaji ameisikia mara nyingi. Twataka kusema juu ya fedha. Maana ukiwauliza vijana hao kwa nini wamehamia pamoja, wengi hawatakujibu kwa maneno ya mapenzi. Watakujibu kwa hesabu. "Kodi mbili za nini, na hali moja yatutosha?" Basi nasi na tuifanye hesabu hiyo, tena tuifanye mpaka mwisho, kwa kuwa twaona wengi huiacha katikati.

Tuwachukue watu wawili wa mfano. Kijana ni fundi umeme, apata shilingi 400,000 kwa mwezi. Binti ana cherehani yake, apata shilingi 200,000. Wamepanga chumba na sebule kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Chakula chao ni shilingi 8,000 kwa siku, yaani 240,000 kwa mwezi. Umeme wa LUKU na maji ni 25,000. Mkaa na mtungi wa gesi ni 35,000. Jumla ni shilingi 360,000. Bei zaweza kupanda au kushuka, na kila msomaji anaweza kuweka za nyumbani kwake. Hesabu yenyewe haitabadilika sana.

Kwanza tuitazame desturi iliyozoeleka. Kijana hulipa kodi, hununua umeme na maji, na kila asubuhi huacha shilingi 4,000 juu ya meza. Fedha ile haitoshi, naye ajua kuwa haitoshi. Binti huongeza 4,000 nyingine kutoka kwenye kushona kwake, tena hununua mkaa na gesi. Sasa sikilizeni wanavyozungumza siku wakigombana. Kijana atasema, "Mimi ndiye nilipaye kodi hapa!" Naye amesema kweli. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 360,000, na kijana alizihesabu mbele ya mashahidi, akapewa stakabadhi, akaiweka ndani ya bahasha. Fedha iliyotoka mara moja hukumbukwa. Lakini zile 4,000 za binti, kwa muda wa miezi hiyo sita, yaani siku 180, ni shilingi 720,000. Ni mara mbili ya kodi ile! Nani aliyezihesabu? Zilitoka mia mbili ya nyanya, mia tano ya kitunguu na mafuta, elfu moja ya dagaa. Mwenye genge hatoi stakabadhi.

Hatusemi kwamba kijana huyu ni mwizi. Ukijumlisha kila kitu, yeye ametoa 205,000 kwa mwezi na binti 155,000, ametoa zaidi. Twasema tu kwamba alichotoa chaonekana, na alichotoa mwenzake hakionekani, hata kwa mwenyewe aliyekitoa. Tumewasikia wanawake wakisema, "Mimi sina ninachochangia, nauza vitumbua tu." Kumbe nyumba nzima imekula vitumbua hivyo miaka minne.

Baadhi ya vijana waliosoma wameiona kasoro hiyo, wakapata dawa yao: nusu kwa nusu. Kila mtu atoe sawa na mwenzake, ndipo pasiwe na maneno. Kwa masikio ni haki kamili. Basi tuijaribu. Nusu ya 360,000 ni 180,000. Kijana akitoa 180,000 hubakiwa na 220,000. Binti akitoa 180,000 hubakiwa na 20,000, na katika hizo atoe nauli, sabuni, vocha, dawa, na kitu kidogo cha kumpelekea mama yake kijijini. Kila mwezi mpya humkuta hana kitu. Wasomaji wetu wamkumbuke yule mjane wa Injili aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hekalu. Bwana wetu hakuangalia kilichoingia sandukuni. Aliangalia kilichobaki mkononi. Hatujui kipimo kilicho bora kuliko hicho, hata kwa mambo ya unga na mkaa.

Na ubaya wa nusu kwa nusu hauishii kwenye mwezi mmoja. Kijana akiziweka zile 220,000 kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, atakuwa na shilingi 5,280,000. Siku moja rafiki yake humwambia kuna kiwanja Kisarawe. Huenda akakiona, akakinunua, akaandikiwa karatasi mbele ya mashahidi, na karatasi ile ina jina moja. Binti, kama hakuugua hata siku moja, atakuwa na shilingi 480,000 kwenye kijumbe chake. Haya, wamegawana sawa kwa sawa miaka miwili! Mmoja ana ardhi, wa pili ana cherehani aliyokuja nayo.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Matumizi ya nyumba ni ya namna mbili. Kuna yaishayo, na kuna yabakiayo. Unga huisha, mkaa huisha, maji, umeme, sare ya mtoto, panadoli ya usiku, vyote huisha. Hata kodi huisha mwezi ukiandama. Kiwanja hubaki. Msingi hubaki, tofali hubaki, bati hubaki, pikipiki na friji hubaki kwa miaka. Na katika nyumba zetu nyingi, bila mtu kukusudia ubaya, mwanamke hupewa kulipa yaishayo na mwanamume hujichukulia kununua yabakiayo. Desturi hiyo yatoka mbali. Katika ndoa ya kweli haileti hatari kubwa, kwa kuwa kiwanja ni cha baba na mama na watoto, na mkate ulioliwa ulikuwa njia ya kukipata kiwanja. Lakini kwa watu ambao hawajafungwa na ahadi yoyote, siku ya kuachana kila mtu huondoka na stakabadhi zake. Mwenye yaliyokwisha aondoke na nini?

Twaulizwa, je, serikali haina sheria? Inayo, na ni vema wasomaji waijue ilivyo, maana mitaani husimuliwa nusu nusu.

Serikali ilitoa mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote mwaka 1969, na Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa mwaka 1971. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo chasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo watu waliwafahamu kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kuwa walioana. Yatupasa kulipima neno "itadhaniwa". Sheria haisemi kwamba miaka miwili ikitimia wamekuwa mume na mke, kama wengi wasemavyo kwenye vijiwe. Ni dhana tu, na dhana yaweza kukanushwa kwa ushahidi. Tena miaka miwili peke yake haitoshi, lazima majirani, ndugu, mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji waweze kusema, "Sisi tuliwajua kuwa ni mume na mke." Mtu aliyefichwa nyuma ya pazia miaka mitano, asijulikane kwa ndugu hata mmoja, atapata taabu kuthibitisha.

Hata hivyo kifungu hicho hakikumwacha mwanamke njiani. Dhana ikikanushwa, bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto waliozaliwa humo, na mahakama ina uwezo wa kutoa amri nyingine zifaazo. Mwaka 1994 Taarifa za Sheria za Tanzania zilichapisha uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya watu wawili waliokaa pamoja wakapata nyumba. Dhana ya ndoa ilikanushwa. Pamoja na hayo majaji walisema mahakama yaweza kugawanya mali waliyoichuma katika kukaa kwao, kama ifanyavyo ndoa inapovunjwa.

Na kazi za nyumbani je? Juu ya hilo Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu mwaka 1983, katika kesi ambayo wanasheria huiita kesi ya Bi Hawa. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba kupika, kufua na kutunza watoto ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika mali iliyochumwa. Neno hilo liliwafariji wanawake wengi, nao wana haki kufarijika. Lakini wachache hukumbuka mwisho wa kesi ile: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha biashara ya jamaa, nazo zikapotea mikononi mwake, mahakama ikaona fungu lake lilikwisha kuliwa. Naye alikuwa mke wa ndoa. Tena Mahakama hiyo hiyo imesema katika hukumu za miaka ya karibuni kwamba kiasi cha mchango wa kila mtu ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Basi tumerudi pale pale penye genge lisilotoa stakabadhi.

Asidhani mtu kwamba siku zote aumiaye ni mwanamke. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya watu wawili waliokaa pamoja miaka mingi bila ndoa. Nyumba iliyopo Dagoretti, Nairobi, ilikuwa imeandikwa kwa jina la mwanamke, na aliyelia mlangoni alikuwa mwanamume. Mahakama ya Rufani ya huko ilikuwa imewahesabu kuwa mume na mke, ikawapa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilikataa dhana hiyo ya ndoa, ila ikaona kwamba bwana yule alikuwa ametoa chake katika kuipata nyumba; ikampa asilimia 30, na mwanamke asilimia 70. Majaji walipima kilichothibitika.

Kesi za namna hiyo huchukua miaka, hula nauli na ada za mawakili, na mwisho wake huwa ni fungu la kitu ambacho kingalikuwa chote cha wawili. Kwa hiyo wale wanaoishi hali hii leo, wakiwa bado hawajafika pale tunapotamani wafike, twawashauri mambo machache. Hatuwashauri ili wakae raha katika hali hiyo. Twawashauri kwa kuwa haki ni wajibu wa kila mtu, aliyefunga ndoa na asiyefunga, na kumdhulumu mwenzio ni dhambi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kugawana na kufuate mapato. Katika mfano wetu, kijana hupata theluthi mbili za fedha zote za nyumba ile, na binti theluthi moja. Basi matumizi ya 360,000 kijana atoe 240,000 na binti 120,000. Kijana atabakiwa na 160,000 na binti na 80,000. Kila mmoja ataweza kupumua. Na kama binti hushinda nyumbani akitunza mtoto, asiulizwe fungu lake liko wapi. Analitoa tangu alfajiri.

Lakini jambo la pili ndilo kubwa, nasi twaliweka juu ya la kwanza: yaishayo na yabakiayo yalipwe na wote wawili. Asiwepo wa unga na wa kiwanja. Wakiamua kununua ardhi, hata kama mmoja atoa 80,000 kila mwezi na mwenziwe 40,000, karatasi ya mauziano ibebe majina mawili, na mafungu yao yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali watu wawili wawe na ardhi moja, kila mmoja na hisa yake. Kwa Kisarawe, ambako sehemu kubwa bado ni ardhi ya vijiji, wakumbuke pia kwamba karatasi ya kuandikiana chini ya mwembe haitoshi. Halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kutoa idhini. Tumeona watu wakigombania kiwanja ambacho hata aliyewauzia hakuwa na haki ya kukiuza.

La tatu ni daftari. Lisichekwe! Daftari la shule, lenye safu mbili, majina mawili juu, na kila jioni ya Jumamosi waketi dakika kumi waandike. Kwa kuwa siku hizi fedha hupita katika simu, ujumbe wa simu wa malipo nao usifutwe ovyo. Twajua kuna watakaosema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Wazee wetu wa pwani waliotoa mahari waliita mashahidi wa pande zote mbili, wakahesabu kilemba cha baba na mkaja wa mama kitu kwa kitu, hadharani, na hakuna aliyesema kuwa hawaaminiani. Walijua kwamba kilichohesabiwa mbele ya watu hakizushi ugomvi wajukuu wakishazaliwa.

Juu ya watoto hatuna maneno mengi, kwa kuwa hapo sheria haina mashaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu wa kumtunza mtoto juu ya wazazi, wala haiulizi kama walioana. Baba na asidhani kwamba kwa kuwa hakufunga ndoa, ada na sare ni hisani yake. Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe mapema, majina ya wazazi wote wawili yakiwamo.

Sasa twaja kwenye swali ambalo vijana wenyewe hutuuliza, tena kwa uchungu: "Mwatuambia tufunge ndoa, tutaifunga kwa fedha gani?" Hatulicheki swali hili. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, alikiri kwamba wapo watu wakaao pamoja bila ndoa kwa sababu kuoana kumeonekana ni ghali mno, na kwamba umaskini ndio uliowasukuma. Twaona ndivyo ilivyo hapa kwetu. Lakini ni kitu gani hasa kilicho ghali?

Si sakramenti. Mafundisho ya ndoa, matangazo kanisani, mashahidi wawili na padre havihitaji mapambo wala gari la kukodi. Wala si serikali. Yenyewe yataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme. Kilicho ghali ni sisi. Ni kamati ya harusi inayokutana wiki kumi na mbili ikinywa soda za wachangiaji. Ni kadi za mchango zinazogawiwa hata kwa watu ambao bwana arusi hawajui. Ni ukumbi, mpiga picha, keki ya ghorofa, na sare za kitenge za shangazi kumi na wawili. Twaandika hivi nasi tukiwa tumekwisha kula keki hizo, tusijifanye watakatifu. Lakini wakati kamati inakusanya, vijana wawili wanasubiri Kibaha, mwaka wa tatu sasa, na binti analipa unga.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba wa Kisarawe anapotaja mahari ambayo fundi umeme hawezi kuipata kwa miaka mitatu, asishangae binti yake akisogea na kukaa. Sheria ya mwaka 1971 imesema wazi kwamba ndoa haipotezi uhalali wake kwa sababu ya desturi za mahari kutotimizwa. Hatusemi mahari idharauliwe; ni heshima yetu. Twasema yaweza kulipwa kidogo kidogo, kama ilivyolipwa na wengi wa wazee wale wale wanaoidai leo kwa mkupuo.

Parokia nyingi siku hizi hufunga ndoa za pamoja, jozi kadhaa katika Misa moja, wengine wakiwa na watoto wao wamesimama nyuma yao. Baada ya Misa jumuiya hupika pilau sufuria moja kubwa, watu wakala, wakaimba, wakaenda zao. Mwenye haja na aende ofisini kwa paroko wake katikati ya juma, saa za kazi, aulize orodha ya safari hii inafungwa lini. Achukue cheti chake cha ubatizo, na kama alibatizwa mbali, Songea au Bukoba au Moshi, aandike mapema kukiomba, maana barua hiyo ndiyo huchelewesha watu kuliko fedha. Na lile daftari lenye safu mbili aende nalo pia. Katika mafundisho ya ndoa lipo somo juu ya mapato na matumizi ya nyumba, na wao wawili watakuwa wamekwisha kulianza.